Fundi wa Winchi na Kofia Yake

Sifa zote ni zako, ee Mungu, uliyeficha dhahabu chini ya mawe na kicheko ndani ya watu, ukamwachia kila mmoja achimbe anachokipenda. Nakushukuru kwa macho yangu ambayo bado yanaona mstari, na kwa meno machache uliyoniachia, kwa sababu habari ninayotaka kuieleza siwezi kuieleza bila kucheka, na mzee asiye na meno akicheka huwatisha wajukuu.

Nataka kumkumbuka mtu mmoja. Jina alikuwa nalo, lakini kule machimboni, kwenye vilima vya Geita, hakuna aliyelitumia. Tulimwita Fundi wa Winchi, na tulipokuwa na haraka, Fundi. Ukoo wake siujui. Nilimwuliza siku moja, akanijibu, "Mimi ni mtoto wa kisiwa cha mvua na viazi, Mwalimu. Hiyo inatosha." Alikuwa Mwayalandi. Mimi nilikuwa katekista kijana katika kanisa dogo la nyasi karibu na machimbo, miaka ile baada ya vita kuu ya pili, na watu walikuwa wakiniita Mwalimu ingawa wanafunzi wangu wengi walikuwa wakubwa kuliko mimi.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mtambo uliokishusha na kukipandisha kizimba cha chuma shimoni. Kila mchimbaji aliyeingia kwenye kizimba kile alikuwa ananing'inia mkononi mwa Fundi kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Alikuwa akishusha watu huku akiimba. Akinyamaza, watu waligoma kuingia, wakasema winchi inaumwa. Basi hata siku aliyokuwa na homa aliimba, sauti ikitetemeka, nao wakashuka wakimpigia makofi.

Kofia yake ilikuwa nyeusi zamani. Nilipoijua mimi ilikuwa imeshachukua rangi ya vumbi la mwamba, na ukingoni ilikuwa na tundu. Siku moja alisema tundu lile ni la risasi. Siku nyingine alisema lilitobolewa na panya alipokuwa gerezani kwao. Nilipomkumbusha kwamba amesema mawili, alicheka, akasema, "Panya mwenyewe alikuwa wa serikali!"

Kiswahili alikuwa amejifunza shimoni, kwa Wasukuma, hivyo alikisema kwa lafudhi yao, na juu yake akapachika ya kisiwa chake. Alisalimia "Mwadila!" hata jua linapochomoza, na salamu hiyo ni ya mchana na jioni. Watu walimsahihisha mpaka wakachoka, kisha wakaanza kumsalimia hivyo hivyo asubuhi, mpaka wageni wakadhani kwamba machimbo yetu yana jua lake peke yake. Kuitwa Bwana hakutaka kabisa. "Bwana yuko mbinguni, na kule kwetu wako mabwana wengine ambao tulijaribu kuwafukuza," alisema. Lakini shikamoo aliipenda mno. Alipogundua kwamba hata bibi kizee asiye na kuku mmoja anastahili shikamoo kwa sababu tu ya miaka yake, aliwatafuta bibi vizee wote wa vijiji vya jirani. Akijibiwa "Marahaba, mjukuu wangu," aliruka kama mbuzi aliyefunguliwa.

Na kama nilivyosema, hakutaka mtu awe bwana wa mwenzake. Ila ukigusa mpini wa winchi yake, ungedhani umegusa kiti cha mfalme.

Habari za dini yake zilinipa kazi. Alikuwa amebatizwa, lakini alikuwa akisali Misa amesimama nje ya mlango, mguu mmoja ndani na mwingine juani. Alinieleza kwamba chama chake cha siasa kilihukumiwa na maaskofu wa kwao, wakasema waliomo wasipewe sakramenti. Yeye akakasirika na maaskofu, ila hakukasirika na Mungu. Kengele ya adhuhuri ikilia, alivua kofia, akainamisha kichwa, midomo ikacheza. Mimi nilijifanya sioni, yeye akajifanya hasali.

Chama hicho ndicho alichopenda kukizungumza. Jumapili alasiri alikuja uani kwangu, tukaketi mkekani pamoja na mtu aliyekuwa kiongozi wa vijana wa kijiji, yule ambaye Wasukuma humwita Nsumba Ntale. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kidevu kipana, na neno lake likitoka vijana wote hulima au huacha kulima. Mama Kulwa naye alikuja na bakuli la matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, pamoja na karanga. Alikuwa mjane mwenye watoto pacha wa kiume, Kulwa na Doto, na alikuwa akiuza chakula mlangoni mwa machimbo.

Fundi alitufundisha historia kwa karanga. Alizimwaga mkekani.

"Hawa ni watu wa kwetu," alisema. "Ardhi yote ni ya makabaila wanaoishi mbali. Mkulima analima, kabaila anakula. Basi tukapigana na mfalme wa Waingereza. Vita vilipokwisha, nchi ikakatwa vipande viwili, na wenzetu wakakatwa pia. Hawa wakasema, inatosha." Akasukuma karanga upande. "Hawa wakasema, haitoshi." Akasukuma nyingine. "Sisi tuliosema haitoshi tukashindwa, tukafungwa. Gerezani tukapata nafasi ya kufikiri. Wengine wakasema, tatizo ni bendera. Sisi wachache tukasema, bendera mpya ina faida gani kama kibarua bado hana viatu? Ardhi iwe ya anayelima, kiwanda kiwe cha anayefanya kazi. Tukaitwa mrengo wa kushoto."

"Ni karanga zipi hizo?" aliuliza Nsumba Ntale.

"Hizi hapa, mbele yako."

"Wakaendeleaje?"

"Tukaita mkutano mkubwa. Tukajaza ukumbi. Hata vibarua Waprotestanti wa kaskazini walikuja, wakasimama pamoja nasi, jambo ambalo bibi yangu asingeliamini. Halafu, siku hiyo hiyo, tukagombana tuanze na lipi, tukagawanyika katikati."

"Siku hiyo hiyo?"

"Ngosha, mwanamume wewe, tupe Waayalandi chumba chenye milango miwili, tutatoka kwa yote miwili, na mmoja atapita dirishani." Akainamia mkeka aendelee. Mahali pa mrengo wake palikuwa peupe. "Ziko wapi karanga zangu?"

Nsumba Ntale aliacha kutafuna.

"Umekula mrengo wa kushoto!" Fundi alipiga kelele. "Maaskofu wameshindwa, polisi wameshindwa, wewe umeumaliza kwa kiganja kimoja!"

"Ulikuwa na chumvi nzuri," alisema Nsumba Ntale kwa aibu. Mama Kulwa alicheka mpaka akalala ubavu.

Siku nyingine Fundi alitueleza silaha ambayo watu wa kwao walitumia zamani za babu yake. Wakala wa kabaila alipowafukuza wakulima mashambani, hawakumpiga. Walimwacha. Hakuna aliyemvunia mazao, hakuna aliyemuuzia mkate, fundi chuma hakumpigilia farasi wake viatu, na njiani alipishwa kama upepo. Hata chama chake, miaka mingi baadaye, kiliitumia njia hiyo: ng'ombe za wakulima waliokataa kulipia ardhi ziliponyang'anywa na kupelekwa mnadani, watu walijaa, wakatazama, na hakuna aliyetaja bei.

Alitutazama, akingoja tushangae.

Mama Kulwa alimenya karanga. "Na huyo wakala, alilipa mchenya?"

"Mchenya ni nini?"

Nsumba Ntale alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima asiyejua kula ugali. "Mtu akikosa kuja kuchimba kaburi la jirani, au akivunja neno tulilokubaliana wote, hatumpigi. Hatumsalimu. Hatumpi moto wa kupikia, hatuchoti maji pamoja naye. Akichoka na ukimya, analeta dume, anakaa chini, anakiri. Tunachinja, tunakula naye. Hiyo ndiyo mchenya."

"Mnakula naye?"

"Tukila bila yeye, atakuwa amerudi wapi?"

Fundi alivua kofia, akaizungusha vidoleni. Mwishowe alisema polepole, "Basi sisi tulijua nusu tu. Kutenga tulikuwa mabingwa. Kwenye nyama hatukuwahi kufika."

Sasa nifike kwa ng'ombe.

Siku zile serikali ya Mwingereza ilikuwa na amri ya kupunguza mifugo. Walisema ng'ombe ni wengi, ardhi inachoka, kila mwenye zizi apeleke baadhi mnadani. Mwenye zizi kubwa alipeleka vikongwe na vilema, maisha yakaendelea. Mama Kulwa hakuwa na kilema. Alikuwa na majike mawili na ndama, akakataa. Matarishi wa serikali wakaja wakawaswaga wote watatu. Kwa mjane wa Kisukuma hao hawakuwa mifugo tu. Walikuwa maziwa ya pacha leo, na kesho ndio mahari ya Kulwa na Doto. Wakiuzwa, wale watoto wangekua wakichunga ng'ombe za watu mpaka wazeeke.

Alikuja uani kwangu bila bakuli. Hilo lilitutisha kuliko machozi.

"Mnada ni lini?" aliuliza Fundi.

"Jumamosi, mayu, mama yetu," alijibu Nsumba Ntale, akimtazama Mama Kulwa badala ya Fundi. Kisha akasimama, akaenda kuwaita vijana, waliokuwa wakirudi kutoka kulima kwa ngoma, majembe mabegani.

Makubaliano yalichukua muda mfupi kuliko kuivisha ugali. Mnadani waende wote. Asiwepo wa kutaja bei. Mchuuzi mgeni akinunua, asipate maji ya kunywesha, wala moto, wala pa kulala. Atakayevunja, mchenya. Watu walikuwa wakiinuka Fundi alipoinua mkono. Naomba msomaji alikumbuke hili, maana ni yeye mwenyewe aliyelisema.

"Tuongeze," alisema. "Hata kwa mzaha! Kwetu mnada mmoja uliharibika kwa mlevi aliyetania. Hata kwa mzaha, mtu asifungue mdomo."

"Hata kwa mzaha," vijana waliitikia. Nsumba Ntale akakubali.

Jumamosi ile, ee Mungu, ulitupa jua zuri. Watu walijaa uwanja wa mnada kama wanakwenda harusini. Mnadi alikuwa mtu wa mjini, mwenye asili ya pwani, amevaa kanzu safi, na ulimi wake ungeweza kumuuzia chura maji. Bwana mifugo, Mwingereza mwekundu aliyevaa kaptula, aliketi kivulini pa mwavuli wake. Ng'ombe za Mama Kulwa zikaletwa katikati.

"Tazameni majike haya!" alianza mnadi. "Macho kama bibi harusi! Nani anaanza?"

Kimya.

"Msione haya, ndugu zangu! Nani?"

Ndama alijisaidia. Watu waliangalia jambo hilo kwa makini sana.

Mnadi alimgeukia mchuuzi mmoja aliyetoka upande wa Masumbwe. "Wewe bwana, umetoka mbali. Umekuja kununua, au sivyo?"

Mchuuzi aliangalia vijana waliomzunguka, wapole, majembe mkononi. "Mimi?" alisema. "Mimi nimekuja kutazama mawingu."

Angani hapakuwa na wingu hata moja. Kicheko kilitupanda kooni, tukakibana. Niliona mabega ya Mama Kulwa yakitetemeka chini ya khanga. Bibi mmoja aliuma ncha ya fimbo yake. Mnadi alishusha bei, akashusha tena, akaifikisha chini kabisa, jasho likimtoka. Alikata tamaa, akainua mikono juu.

"Basi! Toeni chochote! Chochote! Hata kofia, mimi nitagonga!"

Hapo Fundi, aliyekuwa amesimama kando yangu akijiuma midomo tangu asubuhi, alipasuka. Furaha ilimtoka kama maji kwenye bomba bovu. Alivua kofia, akairusha juu hata ikazunguka juani, akapiga ukelele, "Natoa kofia!"

Mnadi aliidaka. Akagonga. "Zimeuzwa kwa Fundi wa Winchi!"

Bwana mifugo aliruka, akasema hayo ni matusi. Mnadi akainama kwa adabu. "Bwana, amri inasema ziuzwe. Zimeuzwa. Au tuanze upya, tukae hapa mpaka kesho?" Mwingereza yule aliangalia umati uliokuwa umenyamaza, akaangalia gari lake, akafunga mwavuli.

Fundi alitugeukia mikono wazi, uso unang'aa. "Mmeona? Mmeona?"

Hakuna aliyemjibu. Nsumba Ntale alimpita akitazama mbele. Vijana wakafuata. Bibi wa fimbo, ambaye kila siku alimjibu marahaba, aligeuza kichwa. Fundi alizikamata kamba za ng'ombe, akamfuata Mama Kulwa mpaka mlangoni kwake. "Ni zako, Mama Kulwa! Chukua!"

Mama Kulwa aliingia ndani, akafunga mlango. Angeweza kuzipokea? Zilikuwa za mtu aliyevunja neno. Kuzipokea kungekuwa kuvunja na yeye.

Nikaona uso wa Fundi unabadilika, nikaogopa kwamba atalia. Badala yake alikaa chini ya ukuta wa mjane, kichwa wazi, akacheka mpaka ndama akakimbia. "Hata kwa mzaha!" alisema peke yake. "Nililisema mimi! Nimetengwa kwa haki!"

Siku zilizofuata machimbo yote yalikuwa mchezo wa kuigiza. Wachimbaji waliingia kizimbani bila salamu. Hawakuogopa: tulikuwa tumemtenga kinywa, si mkono wake. Fundi aliimba, hakuna aliyeitikia. Hakupewa moto, akala viazi vibichi. Lakini mateso makubwa yalikuwa kukamua. Ng'ombe walikuwa wakilia uani kwake, na yeye alijua mitambo tu.

Mimi nilikwenda kumwuliza Nsumba Ntale kama ni kosa kuzungumza na ng'ombe. Alifikiri, akasema ng'ombe hana kosa.

Basi nikasimama uani kwa Fundi, nikamwambia jike mkubwa, "Ewe ng'ombe, mwambie huyo anayekuvuta kama kamba ya kengele, abane kwa juu kwanza, kisha ashushe vidole."

Fundi, kichwa kikiwa ubavuni mwa ng'ombe, alijibu, "Ng'ombe, mwambie Mwalimu nashukuru. Mwulize, dume linapatikana wapi?"

"Ng'ombe, mwambie kuna mchuuzi wa Masumbwe bado yuko hapa, anatazama mawingu, na ana dume."

Ng'ombe alipiga ndoo teke. Nafikiri alichoka kutumwa.

Fundi alikuwa na baiskeli aliyoipaka mafuta kila Jumamosi na kuifunika blanketi. Alibadilishana na mchuuzi yule kwa dume jekundu. Jumapili, baada ya ibada, alilileta mbele ya vijana na wazee, akaketi chini vumbini. Mimi nilikuwa na wasiwasi. Alishaniambia kwamba alisimama mbele ya mahakimu wa mfalme, na hata mara moja hakukubali kusema amekosa. Na hukumu ile ya maaskofu haikumfanya atubu.

"Nimekosa," alisema, sauti wazi. "Neno nililiweka mimi, na nimelivunja mimi. Furaha ilinizidi."

Mzee mmoja akasema furaha ipunguze adhabu. Mwingine akasema iongeze. Wakabishana kwa raha. Nsumba Ntale akakata, "Furaha si kosa. Mdomo ndio uliokosa. Dume linatosha."

Likachinjwa. Nyama ya kwanza ilipoiva, Nsumba Ntale aliikata, akampa kwa mkono wake. "Kula, ngosha. Mwadila."

Ilikuwa bado asubuhi. Fundi alicheka na kulia, nyama mdomoni, na nyimbo zikaanza. Ng'ombe zikarudi kwa Mama Kulwa siku hiyo, na Kulwa na Doto wakazikimbilia na kuzikumbatia shingo. Mjane alizikagua chuchu moja moja, kisha akamwambia, "Wabeja, asante, Fundi. Mungu akubariki. Lakini usikamue tena kitu chochote chenye uhai." Akamvika kofia ya majani aliyoisuka mwenyewe.

Tangu siku hiyo Fundi alisali miguu yote miwili ikiwa ndani ya mlango. Mimi sikusema kitu. Kuna samaki ambaye ukishangilia anatoroka.

Mara ya mwisho nilimwona Fundi kwenye stesheni ya Isaka, miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimefuata mabati ya kanisa yaliyokuja kwa reli. Nikamkuta ameketi juu ya sanduku, nywele nyeupe, kofia ya Mama Kulwa imeisha ukingo. Alikuwa anarudi kwao.

"Chama chako kipo bado?" niliuliza.

"Mwalimu, wengi wako ardhini. Wengine walikwenda kupigana Hispania, hawakurudi. Waliobaki wanagombana, na wanaogombana wako hai." Alitabasamu. "Pale tulipogawanyika, ningependa aje Nsumba Ntale na kisu chake cha nyama."

"Na roho yako?"

"Nikifika mbinguni wakanitenga, nitauliza tu wanataka dume la rangi gani."

Nikampa habari. Jike mkubwa alikuwa amezaa tena, na tena, na Kulwa alikuwa ameshachumbia. Fundi alisimama juu ya sanduku akapiga ukelele hata wapagazi wa pamba wakageuka. Mmoja wa waliogeuka alikuwa mtu wa kanzu, anauza mbuzi kando ya reli. Alikuwa mnadi wetu. Na kichwani, wallahi mbele ya Mungu sisemi uongo, alikuwa amevaa kofia nyeusi yenye tundu.

Treni ililia. Fundi akapanda, akachungulia dirishani. Mnadi alivua kofia, akaiinua juu, akatumia sauti yake yote: "Haya, jamani! Kofia ya Ulaya, imenunua ng'ombe watatu! Nani anaanza? Toeni chochote! Chochote!"

Watu wa kwetu waliokuwa pale wakaelewa. Stesheni nzima ikanyamaza. Wapagazi, wanawake wa mihogo, mimi na mabati yangu. Na dirishani, Fundi wa Winchi alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, mabega yanaruka, machozi yanamwagika juu ya vidole, hasemi hata neno moja. Treni ilianza kusogea. Bado alikuwa ameziba.

Mnadi alikimbia kando ya behewa, kanzu imekusanywa mkononi. "Hakuna mnunuzi!" alilia, akaitupa kofia ndani. "Imekwenda bure!"

Msomaji wangu, wewe uliyenivumilia mpaka hapa, Mungu akupe ng'ombe wenye maziwa na mtu wa kukufundisha kukamua. Ukikosa, akujalie wenye kula nawe ili urudi. Na siku utakapoletwa katikati ya uwanja na mnadi akauliza wewe ni wa bei gani, akuzungushie majirani watakaonyamaza. Amina.